Mikael Pedersen, Fundi wa Baiskeli ya Dursley



Kwa desturi ya kijarida hiki, kabla ya kufungua kurasa za mapato na matumizi, tunasimulia maisha ya mtu mmoja aliyekwisha kutangulia mbele ya haki, ili tupate la kujifunza. Mwaka huu harambee yetu ni kwa ajili ya karakana ya mafundi wa nyumbani, na kurasa hizi tumepewa sisi wa kamati ya fedha. Tumeona inafaa kumsimulia fundi, tena fundi wa baiskeli, maana hakuna mtu wa Shinyanga anayehitaji kuelezwa baiskeli ni nini. Imetupeleka shule, imebeba pamba hadi ghalani, imebeba mkaa, maji, wagonjwa na hata maharusi. Vijana wetu wengi wameanza maisha kwa kubeba abiria kwenye keria, kazi ambayo kwetu nayo huitwa daladala.

Fundi huyo ni Mikael Pedersen, mtu wa Denmark aliyefanya kazi yake kubwa katika mji mdogo wa Dursley, kusini-magharibi mwa Uingereza. Wapenzi wa baiskeli za zamani wanalijua jina lake katika nchi nyingi. Kwetu halikufika. Lililofika ni jina la tajiri aliyefanya naye biashara, yaani Lister. Wazee wanaikumbuka injini ya Lister iliyozungusha mashine ya kusaga unga, mlio wake wa taratibu ukimwambia kila mama kijijini kwamba leo mashine inafanya kazi. Injini hizo ziliundwa Dursley, mji uleule, na kampuni ileile iliyouza kazi za Pedersen.

Hivyo jina la tajiri lilivuka bahari hadi kwenye mashine zetu za kusaga, na mwenye ufundi akazikwa katika kaburi lisilo na alama. Kisha, zaidi ya miaka 60 baadaye, watu walikwenda kumchukua. Tunaomba mtusome hadi mwisho, kwa kuwa jambo hili linahusu moja kwa moja fedha tunayowaomba mwaka huu.

KIJANA WA FLØNG

Pedersen alizaliwa mwaka 1855 huko Fløng, kijiji kilicho karibu na mji wa Roskilde. Alikuwa mtoto wa kwanza kati ya saba. Denmark ya wakati ule ilikuwa nchi ya wakulima na wafugaji, na kijana mwenye mikono myepesi alijifunza kazi kwenye vifaa vya shamba. Pedersen aliingia uanafunzi kwa mtengenezaji wa zana za kilimo, kisha akafanya kazi katika kiwanda cha mashine mjini Roskilde.

Hakuwa fundi wa kutengeneza kilichoharibika tu na kukirudisha kwa mwenyewe. Kila chombo kilichopita mikononi mwake alikitazama akitafuta namna ya kukifanya kiwe bora zaidi. Alibuni mashine ya kupura nafaka iliyojisafisha yenyewe, breki za mikokoteni ya farasi, na gia za kinu kilichozungushwa na farasi. Jambo lililomtoa, hata hivyo, lilikuwa maziwa.

Kwetu mama huweka maziwa kwenye kibuyu, akayatikisa mpaka siagi ijikusanye. Wafugaji wa Ulaya waliyaacha maziwa yatulie kwenye vyombo mpaka mafuta yapande juu, kisha wakayaengua, kazi iliyochukua saa nyingi. Wakati huo mafundi wa nchi kadhaa walikuwa wakishindana kutengeneza mashine ya kuzungusha maziwa kwa kasi, ili mafuta na maji yake vitengane papo hapo. Pedersen alishiriki kubuni mashine ya namna hiyo iliyotenganisha maziwa mfululizo, bila kusimamishwa kila mara. Kampuni ya Koefoed na Hauberg ya Denmark ikaiunda na kuiuza.

Huko Dursley kulikuwa na mfanyabiashara, Robert Ashton Lister, aliyeanzisha kampuni yake ya zana za kilimo mwaka 1867. Lister aliiona mashine ile ya maziwa, akachukua haki ya kuiuza Uingereza, na akaipa jina la Alexandra. Ilinunuliwa sana. Biashara hiyo ndiyo iliyomleta Pedersen Uingereza: mwaka 1893 alihamia Dursley pamoja na familia yake, akapanga nyumba kubwa, akaanza maisha mapya akiwa na umri wa miaka 38 hivi.

ALIANZA NA KITI

Pedersen alipenda kuendesha baiskeli, na kama mwendeshaji yeyote wa safari ndefu, alichoshwa na kiti. Viti vya wakati ule vilikuwa vya ngozi juu ya chuma, vizito na vigumu. Wengine walijaribu kuongeza springi. Yeye aliweka kando kiti chote na kuanza upya.

Alisuka kiti cha kamba. Ndugu zetu mliolala kitanda cha kamba mtaelewa haraka kuliko watu wa Ulaya: kamba zikivutwa vizuri, nyingine zikaze na nyingine zilegee kidogo, mwili unapata mahali pake na uzito unatawanyika. Kiti cha Pedersen kilikuwa kitanda cha kamba kidogo, kilichoning'inia kati ya ncha mbili, mbele na nyuma. Kwa maelezo yake mwenyewe, kilikuwa na uzito wa gramu 110 hivi, wakati kiti cha ngozi cha siku zile kilizidi kilo moja.

Likabaki tatizo. Kiti cha kuning'inia kinahitaji kushikwa mbele na nyuma, na fremu ya kawaida haina mahali pa kukishika namna hiyo. Watu wengi wangebadili kiti kifae fremu. Pedersen alibuni fremu nzima ili ifae kiti.

Hapa ndipo ufundi wake ulipoonekana. Fremu tunayoijua sote, ya Phoenix au ya Raleigh, ina mabomba machache manene: la juu, la chini, la kiti, na yale membamba ya nyuma yanayoshika gurudumu. Pedersen alikwenda kuchukua mfano kwa wajenzi wa madaraja ya chuma. Daraja la aina hiyo halisimami kwa unene wa chuma chake. Linasimama kwa pembetatu nyingi zilizofungamana, kama kenchi za paa. Fundi seremala wa kwetu anajua kwamba mbao nne zilizopigiliwa kuwa mraba zitayumba, bali mbao tatu zilizopigiliwa kuwa pembetatu hazina pa kwenda. Ukiunganisha pembetatu nyingi, unaweza kutumia mbao nyembamba na paa likabeba bati lote.

Ndivyo alivyofanya. Fremu yake ya kwanza ilikuwa na mabomba 14 membamba, yaliyounganishwa katika sehemu 57, yakafanya pembetatu 21. Baiskeli ya majaribio aliiunda kwa mbao, akataka kuona kama umbo lenyewe lina nguvu bila kusaidiwa na chuma. Likawa na nguvu. Baiskeli hiyo ilikuwa na uzito usiofika kilo 9, na ilibeba mtu mzima barabarani. Mwaka 1893 akaomba na kupata hataza ya Uingereza, yaani hati ya serikali inayomlinda mvumbuzi ili mwingine asitengeneze kitu chake bila ruhusa.

NAMNA YA KUITAMBUA

Kuna watu ambao kazi yao, au raha yao, ni kutambua baiskeli za zamani: fremu hii ni ya nani, ilitoka karakana gani, miaka ipi. Lebo hubanduka na rangi hupakwa upya, kwa hiyo wao huangalia umbo. Baiskeli ya Pedersen ni rahisi kuitambua hata kwa mtu anayeiona mara ya kwanza, kwa alama nne.

Ya kwanza ni kiti. Ukiona kamba zilizosukwa na kuvutwa kati ya ncha ya mbele iliyoinuka juu na ncha ya nyuma, umefika. Ya pili ni mabomba. Ni membamba kama fimbo, na mengi yamekwenda mawili mawili, yakianza pamoja na kuachana kidogo, au yakianza mbalimbali na kukutana. Ya tatu ni foku. Katika baiskeli ya kawaida, foku ina miguu miwili tu inayoshuka kwenye gurudumu. Foku ya Pedersen nayo ni kenchi, imetengenezwa kwa mabomba membamba yanayopanda hadi juu kabisa karibu na usukani, na inazunguka kwenye viungio viwili vidogo, kimoja juu na kimoja chini. Ya nne ni bomba la juu. Halipo mahali tulipozoea. Mahali pake pana mabomba yanayopanda kutoka chini kwenda mbele hadi kwenye ncha inayoshika kiti.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo mnunuzi alilijua mara tu anapofika dukani. Kiti cha kuning'inia hakiwezi kupandishwa na kushushwa sana kwa spana kama tunavyofanya sisi mtoto akikua. Kwa hiyo baiskeli hizo zilitolewa kwa saizi nane, na kila mtu alinunua inayolingana na miguu yake, kama mtu anunuavyo viatu.

Umbo la fremu kuwa saini ya fundi si jambo la Pedersen peke yake. Katika miaka ya 1930, huko Bradford, ndugu wa familia ya Baines waliunda baiskeli za mashindano ambazo bomba lake la kiti lilisimama karibu wima, na fremu yote ikafanana na lango; hadi leo watu huiita lango linaloruka. Huko Tottenham, London, baiskeli za Hetchins zilijulikana kwa mabomba ya nyuma yaliyopindwa kama shingo ya ndege. Mwaka 1962 Alex Moulton alitoa baiskeli ya magurudumu madogo ambayo fremu yake haikufanana na ya mtu yeyote kabla yake.

Tuangalie hiyo ya Hetchins kidogo. Hyman Hetchins alikuwa mwenye duka. Aliyekaa kwenye moto na kuziunda fremu zile kwa miaka mingi aliitwa Jack Denny. Lebo ilibeba jina la kwanza; mikono ilikuwa ya jina la pili. Wanaotafiti baiskeli hizo wamehakikisha kwamba leo majina yote mawili yanatajwa. Bila wao, la fundi lingepotea.

BIASHARA INAPOMZIDI FUNDI

Mwishoni mwa miaka ya 1890 baiskeli ya Pedersen ilikuwa ikitengenezwa Dursley na kuuzwa kwa jina la Dursley Pedersen, yaani jina la mji na jina la fundi yakienda pamoja. Waliozipanda walizisifu kwa wepesi na kwa starehe ya kiti. Hazikuwa baiskeli za mtu wa kawaida. Hesabu ya viungio 57 inamwambia kila fundi wa kuchomelea kwa nini: kila kiungio ni saa ya kazi, na kila saa ya kazi imo ndani ya bei.

Pedersen hakupumzika. Alibuni baiskeli ya kukunjwa kwa matumizi ya jeshi. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 akabuni gia ya mwendo tatu iliyofichwa ndani ya habu ya gurudumu la nyuma. Wakati huohuo, huko Nottingham, ilitoka gia ya Sturmey-Archer, nayo ya mwendo tatu, ikiwa na kampuni ya Raleigh nyuma yake. Gia ya Pedersen ilikuwa ya fikra nzuri, lakini ya Sturmey-Archer ndiyo iliyoshika soko la dunia.

Polepole biashara ya baiskeli ikatoka mikononi mwake na kuingia kwa kampuni ya Lister. Hatusemi alidhulumiwa. Lister alikuwa na kiwanda, wafanyakazi, mtaji na wateja, na bila yeye huenda baiskeli ile isingetoka kwenye karakana ndogo. Tunachosema sisi tunaofanya kazi ya hesabu ni hiki: upande mmoja palikuwa na kampuni yenye vitabu, mikataba na watu wa kuvisimamia, na upande wa pili palikuwa na mtu mmoja mwenye kipaji. Mambo yakienda vizuri, tofauti hiyo haionekani. Yakienda vibaya, mwenye vitabu anajua anachodai, na mwenye kipaji anabaki kukumbuka tu.

Kuna jambo la hataza pia. Uingereza ya wakati huo ililinda uvumbuzi kwa miaka 14 tu, na kwa sharti kwamba ada ziendelee kulipwa. Hataza ya mwaka 1893 haikuweza kuvuka mwaka 1907. Maana yake, miaka ambayo jina la baiskeli lilikuwa limekwisha kujulikana ndiyo miaka ambayo ulinzi wake ulikuwa unakwisha. Mtu mwenye mshauri wa fedha angetumia ile miaka 14 kuweka akiba, au kununua hisa, au kuandikiana mkataba wa mrabaha, yaani fungu dogo kwa kila baiskeli inayouzwa.

Pedersen hakuwa mtu wa namna hiyo. Watu wa Dursley walimkumbuka kama mtu mkarimu, mchangamfu, mpenda muziki aliyepiga ala na kuimba, ambaye nyumba yake ilijaa wageni. Fedha ilipoingia, ilitoka. Mambo yake ya nyumbani nayo hayakukaa sawa. Ndoa zake zilimletea misukosuko. Fundi wa aina hiyo sote tunamjua, na wengi wetu tumekula kwake.

MWISHO WAKE

Vita Kuu ya Kwanza ilipokuja, viwanda vya Uingereza viligeukia kazi za vita, na utengenezaji wa Dursley Pedersen ukakoma hapo Dursley. Pedersen mwenyewe aliondoka mjini. Aliishi London kwa muda katika hali ya shida, kisha mwaka 1920 akarudi Denmark. Alifariki Copenhagen mwaka 1929, akiwa na zaidi ya miaka 70, katika makao ya wazee, akiwa maskini. Alizikwa huko bila alama ya kuonyesha ni nani aliyelala pale.

Mwaka huo aliofariki, kampuni ya Lister ilikuwa imejijengea jina kwa injini. Katika miaka iliyofuata injini za dizeli za kampuni hiyo zilisambazwa duniani, zikafika Afrika Mashariki, zikafungwa kwenye mashine za kusaga na pampu za maji, na watoto wa Shinyanga wakajua kulitamka jina la Lister kabla ya kujua kusoma. Hatumlaumu Lister kwa hilo. Alifanya kazi ya mfanyabiashara, na aliifanya vizuri. Lakini hakukuwa na mtu wa kufanya kazi hiyo kwa ajili ya Pedersen.

MJI ULIOKWENDA KUMCHUKUA

Hadithi ingeishia hapo kama baiskeli zenyewe zisingekataa kufa. Fremu ile haifanani na nyingine, kwa hiyo haikuweza kuchanganyika na vyuma chakavu bila kuonekana. Mtu aliyeikuta ghalani alijiuliza ni kitu gani, na alipouliza alipata jina. Wakusanyaji wakazitafuta, wakazipima, wakaandikiana, wakalinganisha foku na viungio. Mwaka 1978, fundi mmoja wa Christiania mjini Copenhagen, Jesper Sølling, alianza tena kuunda baiskeli kwa mfano wa Pedersen, na baadaye mafundi wengine wa Ulaya wakafuata. Leo mtu anaweza kununua mpya.

Mwaka 1995, kwa juhudi za wapenzi wa baiskeli hizo, mabaki ya Mikael Pedersen yalitolewa kwenye kaburi lile la Copenhagen, yakasafirishwa hadi Dursley, na kuzikwa upya kwa heshima. Hakuzaliwa Dursley. Aliishi pale kwa miaka ishirini na kitu, akaunda kitu kilichobeba jina la mji, na mji ukamhesabu kuwa mtu wake.

Sisi tunaosafirisha marehemu wetu kutoka Dar es Salaam hadi nyumbani tunaelewa uzito wa safari hiyo. Tunajua michango ya usiku, basi la kukodi, na wazee wanaosubiri barabarani. Kumrudisha mtu ni kusema kwamba hakuwa peke yake. Dursley ilisema hivyo, na ni heshima kubwa. Ila ilisema miaka 66 baada ya yeye kufa maskini.

TUNAYOJIFUNZA

Nyumbani tunao mafundi. Chini ya miembe na kwenye vibanda vya mabati kuna vijana wanaochomelea nondo kwenye keria ili ibebe magunia, wanaoongeza chuma cha pili kwenye foku ili isivunjike kwenye makorongo, wanaounda baiskeli za miguu mitatu za kuendeshwa kwa mkono ili ndugu zetu wenye ulemavu waweze kwenda sokoni. Hakuna aliyewafundisha kuhusu madaraja. Wameona chuma kinavunjika wapi, wakaweka pembetatu pale. Ni akili ileile ya Pedersen.

Na wanapata hatima ileile. Mmoja anabuni keria nzuri, mfanyabiashara wa mjini anaagiza kumi, kisha anapeleka mfano kwa karakana nyingine na kuagiza mia. Hakuna karatasi, hakuna jina kwenye chuma, hakuna wa kumuuliza. Fundi akiugua, tunamchangia matibabu. Akifa, tunamchangia jeneza. Wakati ambao mchango ungemfanya asimame mwenyewe, hatukuwepo.

Kwa hiyo karakana tunayoiombea fedha mwaka huu tumeipanga kwa mambo manne, na tunaomba kila mwanachama ayajue.

Kwanza, vifaa: mashine ya kuchomelea, jiliwa imara, drili, misumeno ya chuma, na umeme wa uhakika. Fundi atavitumia kwa zamu na kwa malipo madogo ya matengenezo, asilazimike kukopa ili anunue.

Pili, jina kwenye chuma. Kila fundi atakayetumia karakana atakuwa na muhuri wake wa kugongea, na kila kazi itaandikwa kwenye rejista: aina, tarehe, mchoro wake na aliyeibuni. Mchoro wenye tarehe ni ushahidi. Hata miaka hamsini ijayo, mtu akikuta keria ghalani kwao Kishapu au Kahama, aweze kusema hii ni ya fulani.

Tatu, karatasi za serikali. Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, BRELA, ndiyo inayosajili majina ya biashara, alama za biashara na hataza. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, lipo kwa ajili ya watu kama hawa. Fundi mmoja akienda peke yake anachoka kwa nauli na fomu. Wakienda kumi wakiwa na mtu wa kuwajazia, wanarudi na hati. Wanachama wetu wanasheria na wahasibu wameombwa kujitolea siku chache kwa mwaka, na wengine wameshakubali.

Nne, daftari. Kila fundi atafundishwa kuandika mapato, matumizi na akiba, na kusoma mkataba kabla ya kuweka sahihi. Hili halina picha nzuri ya kuweka kwenye ukurasa wa mbele. Lakini Pedersen hakukosa akili ya chuma hata siku moja. Daftari ndilo lililomkosa.

Kuhusu fedha yenyewe, mtaruhusu tuseme kama wahasibu. Michango ya karakana itakaa kwenye akaunti yake peke yake, haitachanganywa na mfuko wa misiba wala wa mikutano. Kila malipo yatakuwa na hati na sahihi za watu wawili, mmoja akiwa anaishi nyumbani. Taarifa itasomwa mbele yenu kwenye mkutano mkuu, na stakabadhi zitakuwa mezani kwa atakayetaka kuzikagua. Atakayependa kuchangia kifaa badala ya fedha, tutakiandika kwa thamani yake na kwa jina lake.

Pedersen alipata heshima yake mwaka 1995, akiwa hawezi kuisikia. Hatuna sababu ya kuwasubirisha mafundi wetu namna hiyo. Fomu ya ahadi ipo kwenye ukurasa unaofuata. Ijazeni, na mtakapokwenda nyumbani likizo, piteni kwa fundi aliyewahi kuwazibia pancha mkiwa watoto, mmwambie aje kujiandikisha.



Kamati ya Fedha